Arm, RISC-V au biti 8: jibu kwa mbunifu wa mita za maji

Mhandisi mmoja wa Mwanza ameniuliza hivi: "Sisi ni watu wanne, tunabuni mita ya maji ya kulipia kabla. Mfano wa kwanza tuliujenga kwa chipu ya ATmega328P, inayochakata biti 8 kwa mkupuo, kwa kuwa ndiyo tuliyofundishiwa chuoni. Sasa tunataka kuzalisha mita 5,000 za kuanzia, zinazotumia betri, zitakazokaa kwa wateja miaka 10. Mwenzetu mmoja anasisitiza tuhamie RISC-V kwa sababu ni ya bure na ndiko dunia inakoelekea. Mwingine anasema tukiiacha Arm tutajuta. Mimi mwenyewe sioni ubaya wa kubaki na biti 8. Soko la chipu hizi linaelekea wapi hasa, na sisi tuchague ipi?"

Ndugu yangu, hayo ni maswali mawili, na nadhani ubishi wenu umerefuka kwa sababu mmeyafunga kitita kimoja. La kwanza linahusu soko la dunia, la pili linahusu mita yenu, na majibu yake hayafanani. Soko linaelekea RISC-V, hilo sina shaka nalo. Lakini linaelekea huko kwa sababu zinazowagusa watengenezaji wa chipu zaidi kuliko mnunuzi wa vipande 5,000, kwa hiyo inawezekana mwenzenu akawa sahihi kuhusu dunia na akakosea kuhusu mita.

Tuanze na neno lenyewe. Usanifu mnaobishania ni seti ya maelekezo tu, yaani makubaliano kwamba mpangilio fulani wa biti unamwamuru kichakataji ajumlishe, na mwingine unamwamuru asome kumbukumbu. Arm ni makubaliano ya namna hiyo, yanayomilikiwa na kampuni ya jina hilohilo; RISC-V pia, na AVR, iliyomo ndani ya ATmega328P yenu, pia. Chipu mtakayoitia solda kwenye bodi ni kitu kingine: ndani yake kichakataji huchukua kipande kidogo cha silikoni, na eneo lililobaki ni kumbukumbu, saa, vigeuzi vya analogi, kiendeshi cha kioo cha LCD, saketi za kushusha umeme wakati wa usingizi, na kadhalika. Mita yenu itaishi au kufa kwa hivyo vilivyobaki. Ndiyo maana husema kwamba hakuna anayenunua seti ya maelekezo dukani, isipokuwa yule anayetengeneza chipu.

Huyo mtengenezaji ndiye aliyeligeuza soko mara mbili ndani ya miaka 20. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na usanifu wake: Atmel na AVR, Microchip na PIC, Texas Instruments na MSP430, Hitachi na H8, NEC na V850, na wengi walitengeneza nakala za 8051 ambayo Intel iliitoa mwaka 1980. Kila usanifu ulidai kompaila yake (programu inayogeuza msimbo wa mhandisi kuwa maelekezo ya chipu), kifaa chake cha kusakia makosa, vitabu vyake na wahandisi wake. Arm ilipotangaza Cortex-M3, kichakataji chake cha biti 32 cha vifaa vidogo, mwaka 2004 iliwaambia watengenezaji, kwa vitendo, kwamba wanaweza kuutua mzigo huo wote: walipie leseni na mrabaha, wapate kichakataji kilicho tayari pamoja na kompaila ambazo tayari zinatumiwa na kila mtu, kisha wabaki kushindana kwa sehemu zilizokizunguka. STMicroelectronics ilileta chipu zake za STM32 zenye Cortex-M mwaka 2007, na baada ya Cortex-M0 ya mwaka 2009 kushusha bei, chipu za biti 32 zikaanza kuuzwa kwa fedha ambayo hapo awali ilinunua biti 8.

Wapo waliojaribu kuuzuia mkondo huo. Intel, yenye jina kubwa kuliko wote katika kompyuta za mezani, ilileta Quark mwaka 2013 ili kuingiza x86, usanifu wa kompyuta hizo, katika vifaa vidogo, na mwaka 2019 ikatangaza kuiachilia. Jina kubwa halikutosha, kwa sababu mbunifu wa kifaa kidogo hakuwa na programu ya zamani ya x86 aliyotaka kuihifadhi, wakati upande wa Arm alikuta mifano, bodi za bei rahisi na wenzake wa kuwauliza.

Mgeuko wa pili ndio huu unaoendelea. RISC-V ilianza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa Krste Asanović, David Patterson na wanafunzi wao, na tangu mwaka 2020 shirika linaloisimamia limehamia Uswisi. Haikuanza kushinda mahali panapoonekana. Western Digital ilitangaza mwaka 2017 kwamba itahamishia RISC-V vichakataji vya ndani ya vifaa vyake vya kuhifadhia data, vinavyohesabiwa kwa mabilioni. Nvidia nayo iliweka vichakataji vya RISC-V ndani ya chipu zake za michoro ili visimamie kazi za ndani ambazo mtumiaji hazioni wala haandiki programu juu yake. Huko usanifu mpya haukuhitaji kumshawishi mtu yeyote wa nje, kwani kampuni ileile iliandika programu na kutengeneza chipu.

Baadaye ndipo ilipotokeza kwenye rafu tunazonunua sisi. Espressif, iliyojulikana kwa chipu za Wi-Fi za ESP8266 na ESP32 zenye vichakataji vya usanifu mwingine, Xtensa, ilitoa ESP32-C3 yenye RISC-V, kisha C6, H2 na P4 kwa mkondo uleule. Kampuni ya WCH ya China ilileta CH32V003 iliyoanza kuuzwa kwa chini ya senti 10 za Marekani kwa jumla, ikiwa na kilobaiti 16 za flashi (kumbukumbu inayotunza programu) na kilobaiti 2 za RAM (kumbukumbu ya kazi), na kwa bei hiyo ikawagonga wauzaji wa biti 8 mahali walipodhani pana usalama. Raspberry Pi, ambayo mwaka 2021 ilitoa bodi ya Pico kwa dola 4 ikiwa na Cortex-M0+ mbili, ilitoa Pico 2 mwaka 2024 kwa dola 5, na ndani ya chipu yake ya RP2350 mna vichakataji viwili vya Cortex-M33 na viwili vya RISC-V, mwandishi wa programu akachagua aviamshe vya aina ipi. Renesas ilitoa maikrokontrola (chipu yenye kichakataji, kumbukumbu na sehemu za pembeni pamoja) ya matumizi ya jumla yenye kichakataji cha RISC-V ilichobuni yenyewe mwaka huohuo wa 2024. Upande wa magari, Bosch, Infineon, Nordic, NXP na Qualcomm waliunda kampuni ya pamoja iitwayo Quintauris mwaka 2023, na mwaka 2025 Infineon ikatangaza kwamba familia yake ya AURIX itapata tawi la RISC-V. Hata MIPS, usanifu uliowahi kuwa mshindani wa Arm, uliachwa na kampuni inayobeba jina lake, ikageukia RISC-V.

Kwa nini wote hao kwa pamoja? Mrabaha ni sababu mojawapo, kwani kampuni inayouza chipu kwa mamia ya milioni huona hata sehemu ya senti. Sababu ya pili ni uhuru wa kuongeza maelekezo yako mwenyewe, ambao RISC-V iliuacha wazi tangu mwanzo. Lakini kwa maoni yangu iliyowasukuma zaidi ni hofu ya kuwa na mwenye nyumba mmoja. Arm ilinunuliwa na SoftBank ya Japani mwaka 2016. Mwaka 2020 Nvidia ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 40, na kwa takribani mwaka mmoja na nusu, hadi mpango huo ulipovunjika mwezi Februari 2022, kila mteja wa Arm aliishi akijua kwamba mshindani wake anaweza kuwa ndiye mtoa leseni wake. Mwaka huohuo wa 2022 Arm ikaishtaki Qualcomm, mteja wake mkubwa, kuhusu leseni ya kampuni ndogo ambayo Qualcomm ilikuwa imeinunua. Shauri lilisikilizwa Delaware mwezi Desemba 2024, na baraza la wazee wa mahakama likaelemea upande wa Qualcomm, ila somo lilikuwa limekwisha kuingia. China nayo ina hofu yake, ya vizuizi vya Marekani, na huko usanifu usio na mmiliki una thamani ambayo haipimwi kwa dola.

Sasa litazame neno "bure" ambalo mwenzenu amelishikilia. Kilicho bure ni kitabu cha makubaliano. Mchoro wa kichakataji chenyewe unaweza kuwa wa bure, kama Hazard3 iliyomo ndani ya RP2350, au ukauzwa kwa leseni na kampuni kama SiFive na Andes, kama vile Arm inavyouza wake. Kwenu tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, chipu mnayonunua ni dola 1.50 na asilimia 2 ya bei hiyo inakwenda Arm: hizo ni senti 3, na kwa mita 5,000 ni dola 150. Siku moja ya mhandisi wenu kuhangaika na kifaa cha kusakia makosa kisichoelewana na chipu inakula fedha hiyo, na ubishi wenu umekwisha kula zaidi.

Liko jambo moja ambalo mashabiki wa RISC-V huliruka, nami ningependa mlitazame kwa makini. Arm ilipounda Cortex-M haikusanifisha maelekezo peke yake. Ilisanifisha pia kidhibiti cha ukatizi (ishara zinazomkatiza kichakataji ashughulikie jambo la haraka), saa ndogo ya mfumo, na njia ya kuingilia chipu ili kusaka makosa. Anayeijua Cortex-M ya kampuni moja anakuta mengi hayo hayajabadilika akienda kwa kampuni nyingine. Katika maikrokontrola za RISC-V hali haijatulia: WCH ina kidhibiti chake cha ukatizi, Espressif ina chake, na wengine wamefuata mapendekezo mengine. Kompaila ya GCC inaizungumza RISC-V vizuri, mifumo endeshi midogo ya Zephyr na FreeRTOS inaendeshwa juu yake, lakini tabaka la chini kabisa, pale ukatizi unapoingia, bado linaandikwa upya kila mnapobadili muuzaji. Kwa haki lazima niseme kwamba hata ndani ya Arm, ukihama kutoka STM32 kwenda kwa NXP utaandika upya viendeshi vya sehemu zote za pembeni. Tofauti ni ya kiasi, ila kiasi hicho kwa timu ya watu wanne ni kikubwa.

Kuhusu biti 8, usiaibike nazo. AVR na PIC bado zinatengenezwa kwa wingi, na Microchip, iliyoinunua Atmel mwaka 2016, imeendelea kutoa AVR mpya. Tena nataka kuondoa hoja moja mbaya mtakayoisikia, kwamba biti 8 hula betri zaidi. Hesabu ya mita ni hii: miaka 10 ni saa 87,600, kwa hiyo kila maikroampea 10 za usingizi hula takribani ampea-saa 0.88, zaidi ya theluthi moja ya betri ya lithiamu ya ukubwa wa AA yenye ampea-saa 2.4. Lakini ATmega328P yenyewe, ikilala vizuri huku saa yake ya kilohezi 32 ikitembea, inashuka chini ya maikroampea moja katika volti ya chini. Kinachokula umeme kwenye mfano wenu, kama mliujenga juu ya bodi ya Arduino Uno, ni kirekebisha volti na chipu ya USB.

Kinachoiondoa ATmega328P kwenye mita yenu ni mambo mengine. Ina kilobaiti 32 za flashi na 2 za RAM. Mita ya kulipia kabla inapaswa kuhakiki tokeni, na kama mtafuata mtindo wa tokeni za tarakimu 20 ambao wateja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, wameuzoea, ndani ya mita pana funguo za siri ambazo zikivuja biashara imekwisha; chipu hiyo haina kitengo cha maunzi cha usimbaji, na ulinzi wake dhidi ya anayetaka kuusoma moyo wake ni wa zama nyingine. Mkitaka kusahihisha programu mita zikiwa tayari zimefungwa, mtahitaji nafasi ya nakala mbili, ya zamani na mpya, na kilobaiti 32 hazitoshi kwa raha. Haina kiendeshi cha LCD. Na juu ya yote, kwa bei ya leo chipu hiyo mara nyingi ni ghali kuliko Cortex-M0+ zenye kumbukumbu maradufu. Arduino wenyewe waliiacha walipotoa Uno R4 mwaka 2023, wakaweka chipu ya Renesas yenye Cortex-M4.

Uamuzi wangu, basi, ni Cortex-M0+ ya matumizi madogo ya umeme, yenye kiendeshi cha LCD na kitengo cha usimbaji cha AES ndani yake. STM32U083 ni mfano mmoja mzuri wa kuanza kuusoma. Mshindani wake wa kweli katika kazi yenu hayumo katika ubishi wenu kabisa: ni MSP430 ya biti 16, hasa zile zenye kumbukumbu ya FRAM, ambayo huandikwa mara nyingi mno bila kuchakaa na kwa umeme kidogo, jambo linalofaa sana mita inayohifadhi hesabu yake kila lita zinapopita. Texas Instruments hata ina zile zilizobuniwa mahususi kwa kupima mtiririko wa maji kwa mawimbi ya sauti. Usanifu wa miaka ya 1990 unaishi humo kwa sababu viungo vya jirani yake vinafaa, nami sioni dalili kwamba RISC-V itautoa hapo kesho asubuhi. Chipu za RISC-V zenye LCD, usingizi wa chini ya maikroampea moja, na ahadi ya mtengenezaji ya kuziuza kwa miaka 10, bado ni chache zikilinganishwa na za Arm.

Ahadi hiyo ya miaka 10 itafuteni kwa maandishi kabla ya kuchora bodi. Mwaka 2021, wakati chipu zilipokauka duniani, nilikuwa nikiisaidia kampuni moja ndogo iliyojenga kifaa chake chote juu ya maikrokontrola moja tu. Bei ya kipande ilipanda mara kadhaa, msambazaji akawaambia wasubiri zaidi ya mwaka, na kwa kukata tamaa wakanunua kundi kutoka kwa dalali. Nusu ya chipu hizo zilikuwa za aina nyingine zilizofutwa maandishi na kuchapwa upya. Tulilazimika kuchora bodi mpya kwa chipu tofauti, na kazi iliyotuchukua muda mrefu zaidi haikuwa kuhamisha maelekezo, maana kompaila iliyafanya kwa dakika chache. Ilikuwa kung'oa kutoka kila pembe ya programu majina ya rejista (visanduku vya ndani vinavyoamuru sehemu za chipu) za mtengenezaji yule. Kwa hiyo andikeni kwa C, na kila mstari unaogusa rejista uwe ndani ya folda moja yenye milango michache: soma kihisi, andika kioo, lala, hifadhi. Chora pia bodi kwa namna ambayo angalau chipu mbili za familia moja, zenye kumbukumbu tofauti, zinakaa kwenye pini zilezile.

Mtasikia pia habari za akili mnemba ndani ya maikrokontrola, kama STM32N6 ya mwaka 2024 yenye kichapuzi chake cha mitandao ya neva. Ni mwelekeo halisi, unaofaa kwa kamera na sauti. Kugundua bomba linalovuja usiku ni kulinganisha namba kadhaa, na Cortex-M0+ inaweza kuifanya huku imesinzia.

Mwenzenu wa RISC-V msimnyamazishe. Kama mtakuwa na kifaa cha kukusanya taarifa za mita kwa mtaa mzima, kikiwa kimechomekwa kwenye umeme na kuunganishwa na Wi-Fi, mpeni hicho akijenge kwa ESP32-C6. Hapo RISC-V inakuja yenyewe pamoja na redio, bei ni nzuri, na maikroampea hazihesabiwi. Na mkitaka kuumaliza ubishi mezani, nunueni Pico 2 moja, chukueni programu yenu ya kuhakiki tokeni, ikusanyeni mara moja kwa Cortex-M33 na mara ya pili kwa Hazard3, kisha pimeni muda na ukubwa wa programu kwa macho yenu. Bodi hiyo iwe ya majaribio tu, isiingie kwenye mita: haikubuniwa kwa usingizi wa miaka 10, na toleo la kwanza la RP2350 lilikuwa na hitilafu ya umeme kuvuja kwenye pini za kuingizia, iliyosahihishwa katika toleo la baadaye.

Mkishapata sampuli za chipu mnayoikusudia, msiamini namba ya usingizi iliyo kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi ya vipimo, kwani mara nyingi imepimwa katika nyuzijoto 25 huku sehemu nyingi zikiwa zimezimwa. Washeni saa, LCD na kihisi cha mtiririko, iwekeni bodi kwenye joto la sanduku la chuma lililopigwa na jua la mchana, pimeni tena, na namba hiyo ndiyo mtakayoizidisha kwa saa 87,600.